Je, kijana mkosaji ahukumiwe kama mtu mzima?

HUENDA ukashangaa kuona daktari akizungumzia mambo ya korti katika ukurasa wa afya. Kazi ya daktari, utasema, ni kutibu malaria na kupima shinikizo la damu. Mambo ya sheria awaachie mawakili na mahakimu. Lakini mara kwa mara hakimu humwagiza askari ampeleke mshtakiwa hospitalini. Askari huingia na kijana aliyetiwa pingu, akamkabidhi daktari barua fupi yenye swali moja tu: huyu ana umri gani?

Jibu la swali hilo lina uzito kuliko dawa nyingi ninazoandikia wagonjwa kwa siku nzima. Daktari akisema kijana hajatimiza miaka 18, kesi yake itasikilizwa kwa utaratibu wa watoto. Akisema ametimiza, kijana atapelekwa rumande pamoja na watu wazima, atasimama kizimbani kama mtu mzima, na akipatikana na hatia atafungwa kama mtu mzima.

Na kila kunapotokea kisa cha kijana kumdunga mtu kisu au kumnyang'anya mama mkoba kituoni, majirani huniuliza: "Daktari, mtu wa miaka 16 anajua alifanyalo. Kwa nini asihukumiwe kama sisi?" Ni swali la haki, na mara nyingi anayeuliza ameumizwa yeye au mtu wake. Leo nitajaribu kulijibu kwa upande wa udaktari.

Sheria yetu yasemaje?

Kwanza tujue tulipo. Katiba ya mwaka 2010 inasema mtoto ni mtu yeyote ambaye hajatimiza miaka 18. Kifungu cha 53 kinasema mtoto asizuiliwe ila iwe ndiyo njia ya mwisho iliyobaki, na akizuiliwa, iwe kwa muda mfupi iwezekanavyo na mbali na watu wazima.

Kwa miaka mingi, Kanuni ya Adhabu ilihesabu kuwa mtoto wa miaka 8 aweza kubeba lawama ya jinai. Sheria mpya ya Watoto ya mwaka 2022 iliinua umri huo. Sasa aliye chini ya miaka 12 hawezi kushtakiwa kwa jinai, na aliye chini ya miaka 14 huchukuliwa kuwa hana uwezo wa kupima uovu wa kosa lake mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Haya hayana maana kwamba mtoto huachiliwa tu aende zake. Yule wa miaka 15 au 17 hushtakiwa. Tofauti ni jinsi anavyoshtakiwa na anachofanyiwa baadaye. Korti ya watoto husikiliza kesi faraghani. Adhabu zake ni kama vile kuwekwa chini ya afisa wa probesheni, kupewa ushauri nasaha, mzazi kuamriwa alipe fidia, au kupelekwa shule ya kurekebisha tabia kama ile ya Wamumu kwa wavulana au ya Kirigiti kwa wasichana. Vijana wakubwa kidogo huweza kupelekwa taasisi ya Borstal, kama ile ya Shimo la Tewa huko Mombasa, Shikusa katika Kakamega, au Kamae ya wasichana. Kesi ya mauaji husikilizwa na Mahakama Kuu, lakini hata huko mtoto hawezi kuhukumiwa kifo.

Kwa hivyo anayesema kijana wa miaka 16 ahukumiwe kama mtu mzima anataka tuondoe ukuta huo. Tuone basi kwa nini ulijengwa.

Mwili umekomaa, ubongo bado

Mzazi anayemtazama kijana wake wa miaka 16 humwona mtu mzima. Sauti imekuwa nzito, ndevu zinaanza kuchomoza, na viatu vya baba vinamtosha. Lakini kiungo kinachochelewa kukomaa kuliko vyote hakionekani kwa macho, nacho ni ubongo.

Tangu miaka ya 1980 madaktari wamekuwa na mashine za kupiga picha za ubongo kwa nguvu za sumaku, bila kumdhuru anayepigwa picha. Mwaka 1999, Daktari Jay Giedd wa Marekani na wenzake walichapisha matokeo ya picha za watoto na vijana waliofuatwa kwa miaka kadhaa. Zamani tulifundishwa kwamba ubongo humaliza kazi yake kubwa ya kukua utotoni. Picha hizo zilionyesha kuwa mabadiliko makubwa huendelea katika miaka yote ya ujana.

Mambo mawili hutendeka. La kwanza, ubongo hupogoa njia zake zisizotumika, kama vile mkulima anavyopogoa mikahawa ili matawi yaliyobaki yazae vizuri. La pili, nyuzi zinazobaki hufunikwa kwa utando wa mafuta ambao huharakisha habari kutoka sehemu moja hadi nyingine. Kwa jumla kazi hii huanzia nyuma ya ubongo na kuja mbele. Sehemu inayochelewa sana ni ile iliyo nyuma ya paji la uso, ambayo haimalizi kukomaa mpaka mtu avuke miaka 20 na kuikaribia 25.

Sehemu hiyo ya mbele ndiyo inayomwambia mtu, "Ngoja kwanza." Humsaidia kupima matokeo, kuzuia hasira na kuifikiria kesho. Wakati huo huo, sehemu za ndani zinazohusika na hasira, hofu na raha huwa zimepamba moto mapema, tangu mwili unapobalehe. Mfikirie dereva wa matatu ambaye injini yake ni ya lori lakini breki ni za baiskeli. Anajua kwamba mbele kuna kona. Taabu ni kusimama kwa wakati.

Mimi kwa hivyo simkatalii jirani anayesema kijana anajua alifanyalo. Anajua kuwa kuiba ni kosa. Ukimketisha kwa utulivu na kumuuliza, kijana wa miaka 16 hujibu mambo mengi karibu sawa na baba yake. Lakini ni wachache wanaotenda kosa wakiwa wametulia. Kosa hutendeka usiku, katika hasira, au mbele ya wenzake.

Nguvu ya wenzake

Mwaka 2005, watafiti wawili wa Marekani, Gardner na Steinberg, waliwapa watu mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta. Ukiendelea mbele baada ya taa ya njano unapata pointi zaidi, lakini unaweza kugonga ukuta na kupoteza. Watu wazima walicheza vile vile, wakiwa peke yao au wakiwa na marafiki. Vijana wa miaka 13 hadi 16 walijihatarisha zaidi sana pale tu marafiki zao walipokuwa wakiwatazama.

Mzazi yeyote mtaani alijua jambo hilo hata kabla ya kompyuta. Kijana aliyelelewa vizuri hutoka nyumbani mtulivu, akikutana na wenzake watano huwa mtu mwingine. Ndiyo sababu makosa mengi ya vijana hufanywa kwa makundi.

Nataka hapa tusije tukaelewana vibaya. Ubongo mchanga haumfanyi mtu kuwa mwizi. Vijana wengi wana ubongo huo huo na hawamgusi mtu. Tena, picha ya ubongo haiwezi kumwambia hakimu kama kijana fulani aliyesimama mbele yake alikusudia au hakukusudia. Inachotuambia ni kwamba watu wa umri huu, kwa jumla, wana breki dhaifu, na kwamba breki hizo bado zinajengwa. Aliye na miaka 16 leo hatakuwa vile akiwa na miaka 26. Wengi huacha uhalifu wanapokomaa, mradi tusiwaharibu njiani.

Kizimba cha watu wazima

Kuna jambo jingine, ambalo ni uwezo wa kuifuata kesi. Mwaka 1993, huko Uingereza, wavulana wawili walimuua mtoto wa miaka 2 aitwaye James Bulger. Wote wawili walikuwa na miaka 10 walipotenda kosa hilo. Nchi nzima ilighadhibika, na si ajabu. Walihukumiwa katika korti ya watu wazima mjini Preston, mbele ya umati na waandishi wa habari. Kizimba kiliinuliwa ili waweze kuona mbele, lakini kule kuinuliwa kukawafanya wajione wameanikwa kila mtu awatazame.

Mwaka 1999, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kuwa wavulana hao hawakupata kesi ya haki. Mahakama haikusema hawakuua. Ilisema kwamba watoto waliojaa hofu kiasi hicho hawangeweza kuwasaidia mawakili wao wala kuyafuata yaliyokuwa yakisemwa.

Msomaji, jiulize wewe mwenyewe mtu mzima, ungeyafuata mangapi siku ya kwanza kizimbani? Sasa mpunguzie mtu huyo miaka 20, umnyime usingizi kwa siku tatu, umweke mbele ya afisa wa polisi anayemwambia, "Kubali tu uende nyumbani." Mtoto hutazama jambo lililo karibu, yaani kwenda nyumbani, wala si kifungo kilicho mbali. Atakubali hata asilotenda.

Wenzetu waliojaribu ukali

Marekani ndiko korti ya kwanza ya watoto ilikofunguliwa, mjini Chicago mwaka 1899. Lakini katika miaka ya 1990, uhalifu wa vijana ulipowatia watu hofu, majimbo mengi ya nchi hiyo yalipitisha sheria za kuwahamisha vijana wengi zaidi hadi korti za watu wazima. Wazo lilikuwa rahisi: wakiogopa, wataacha.

Mwaka 2007, CDC, kile kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa, kilichapisha mapendekezo ya jopo la wataalamu waliokusanya uchunguzi uliofanywa kuhusu jambo hilo. Vijana waliohamishiwa korti za watu wazima walikamatwa tena kwa makosa, hasa ya vurugu, takriban thuluthi moja zaidi ya vijana wa makosa kama hayo waliobaki katika korti za watoto. Jopo hilo halikupinga uhamisho kwa sababu ya huruma. Lilipinga kwa sababu ulikuwa ukiongeza vurugu uliokusudiwa kupunguza.

Mahakama ya Juu ya Marekani nayo ilianza kurudi nyuma. Mwaka 2005 ilipiga marufuku hukumu ya kifo kwa makosa yaliyotendwa kabla ya miaka 18. Mwaka 2012 ikakataza sheria zinazomlazimisha hakimu kumfunga kijana kama huyo maisha bila matumaini ya kutoka.

Sababu haifichiki kwa daktari aliyewahi kutibu wafungwa. Kijana aliyewekwa na watu wazima hupigwa, hunyang'anywa chakula, na wengine hunajisiwa. Hulala katika msongamano usio na hewa, ambako kifua kikuu na upele huenea upesi. Huacha shule. Huanza kukosa usingizi, kushtuka akiguswa, kujitenga, na pengine kutaka kujiua. Na walimu alio nao humo, mchana na usiku, ni wahalifu waliokomaa. Umri ule ule unaomfanya awafuate wenzake mtaani humfanya awafuate hao pia. Kisha siku moja anatoka, arudi mtaani kwako na kwangu.

Wanaohukumiwa bila kupewa nafasi

Kufikia hapa utasema, "Daktari, yote haya ya nini, ikiwa sheria yetu tayari inamlinda aliye chini ya miaka 18?" Hapo ndipo ninapotaka tufike.

Hapa kwetu, mtoto aweza kuhukumiwa kama mtu mzima bila mtu yeyote kuamua kwamba anastahili. Inatosha umri wake usijulikane. Kijana hana kitambulisho kwa kuwa hajafika umri wa kukichukua. Cheti cha kuzaliwa hakuna, au kiko kijijini. Mwenyewe, kwa hofu au kwa kutojua, anasema ana miaka 19. Askari anaandika 19. Baadaye mtu anatilia shaka, sheria inataka korti ifanye uchunguzi, na kijana analetwa kwa daktari.

Wengi huamini kwamba daktari ana chombo cha kusoma umri kama vile dukani tunavyosoma mizani. Chombo kama hicho hakipo. Tunachoweza kufanya ni kukadiria, na njia zetu ni hizi:

Meno. Daktari wa meno hutazama kama magego ya mwisho, yale ya akili, yameota. Vitabu vingi huandika kwamba magego hayo huota kati ya miaka 17 na 21. Lakini uchunguzi uliofanywa hapa Kenya na kuchapishwa mwaka 1985 ulionyesha kuwa magego hayo huota mapema zaidi kwa Waafrika kuliko kwa Wakenya wenye asili ya Asia. Kwa hivyo kijana aweza kuwa na magego yote na bado awe mwanafunzi wa sekondari.

Mifupa. Tunapiga eksirei ya kifundo cha mkono wa kushoto na kuona kama ncha za mifupa zimeungana. Picha hiyo hulinganishwa na zile za kitabu cha Greulich na Pyle, ambacho chapa yake ya pili ilitoka mwaka 1959. Picha za kitabu hicho zilitokana na watoto Wazungu wa familia zenye uwezo katika mji wa Cleveland, Marekani, waliopigwa eksirei hasa katika miaka ya 1930. Mtoto aliyekulia Mathare au Turkana hakuwamo. Hata miongoni mwa watoto wale wenyewe, wawili waliozaliwa siku moja waweza kutofautiana kwa mwaka mmoja au miwili. Aliyekosa lishe mifupa yake huchelewa. Aliyebalehe mapema mifupa yake hutangulia.

Dalili za kubalehe. Ndevu, sauti na nywele za mwilini hutuonyesha kwamba mtoto amebalehe. Hazituambii ni mwaka gani aliozaliwa. Kuna wenye ndevu wakiwa na miaka 15 na wasio nazo wakiwa na 20.

Ukizijumlisha njia hizi zote, jibu la kweli la daktari mwaminifu huwa ni kama hili: "Yuko kati ya miaka 16 na 19." Na tazama, mstari wa sheria, yaani miaka 18, umepita katikati kabisa ya jibu hilo.

Maneno machache niliyoyaandika

Nitakueleza kisa changu, ingawa hakinipi sifa. Nilipokuwa daktari mgeni kazini, askari aliniletea mvulana aliyeshtakiwa kwa wizi wa kutumia nguvu. Foleni ya wagonjwa ilikuwa imefika nje ya mlango. Kijana alikuwa mrefu kunishinda, na sauti yake nzito. Nilimwambia afungue kinywa, nikayaona magego. Nikaandika: "Umri wake ni zaidi ya miaka 18." Nikapiga muhuri. Sidhani nilitumia dakika tano.

Baada ya wiki kadhaa, bibi mmoja alikuja hospitalini akiuliza daktari aliyempima mjukuu wake. Alikuwa amesafiri usiku kucha kwa basi. Katika kitambaa alichokifunga kiunoni alitoa kadi ya kliniki, iliyochakaa lakini inayosomeka, pamoja na kadi ya ubatizo. Nilihesabu mara mbili. Mvulana alikuwa na miaka 15 na miezi 4.

Bibi yule hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Daktari, wewe ulijuaje?" Sikuwa na jibu la kumpa, kwa kuwa sikuwa nimejua. Nilikuwa nimekisia, nikaandika kana kwamba nimejua.

Niliiandikia korti barua siku hiyo hiyo kusahihisha, na hakimu akaamuru ahamishwe. Alipoletwa kwangu tena kwa matibabu, alikuwa na kikohozi na upele, na hakutaka kuvua shati mbele ya askari. Yule kijana mrefu aliyenitazama usoni mara ya kwanza sasa aliitazama sakafu.

Tangu siku hiyo siandiki umri mmoja. Naandika miaka ya chini na ya juu, na njia niliyotumia. Naomba madaktari wenzangu wafanye hivyo pia. Nao mahakimu, wanapoona shaka katika barua yetu, shaka hiyo wampe mtoto. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto imeshauri hivyo hivyo. Mtu mzima akipelekwa korti ya watoto kwa makosa, kosa hilo hugunduliwa na kurekebishwa. Mtoto akiwekwa seli ya watu wazima, usiku mmoja watosha kumharibu, na usiku huo haurudishwi na barua yoyote.

Na aliyeumizwa je?

Sijamsahau. Nimeshona majeraha ya watu waliodungwa visu na vijana, na nimewahi kumwambia mama kwamba mwanawe hakufika akiwa hai. Mama huyo haulizi kama aliyedunga ana miaka 17 au 27. Uchungu wake ni mmoja.

Haki yake ni kwamba kosa litambuliwe mbele ya korti, mkosaji awajibike, na asirudi kufanya hivyo tena. Korti ya watoto inaweza kumpa yote matatu, ikiwa tutaipa maafisa wa probesheni wa kutosha, walimu na washauri. Kijana hatari aweza kuzuiliwa, na taasisi za Borstal zipo kwa ajili hiyo. Tusichoweza kumwahidi mama huyo ni kwamba kumchanganya kijana na watu wazima kutawalinda watoto wake waliobaki. Yaliyotokea Marekani yanaonyesha kinyume chake.

Mzazi afanye nini?

Usidhani mambo haya ni ya watoto wa wenzako tu. Kijana wako anaweza kukamatwa katika msako kwa sababu tu alisimama na wenzake. Kwa hivyo:

1. Mwandikishe mtoto akizaliwa. Sheria inakupa miezi sita. Ukichelewa, utaratibu huwa mrefu zaidi. Aliyezaliwa nyumbani huandikishwa kwa naibu wa chifu.

2. Hifadhi kadi ya kliniki hata baada ya chanjo kwisha. Kadi ya ubatizo na barua za shule pia ni ushahidi. Weka nakala kwa jamaa mwingine.

3. Hakikisha kijana anaijua tarehe yake ya kuzaliwa, na umfundishe kuitaja kwa ukweli akiulizwa. Wengine hujiongezea miaka ili waonekane wakubwa mbele ya wenzao, bila kujua wanajifungulia mlango wa jela.

4. Akikamatwa, nenda kituoni mara moja ukiwa na karatasi hizo. Mwambie afisa kwamba huyo ni mtoto na uombe atengwe na watu wazima. Mtafutie wakili, au umwone afisa wa watoto.

5. Akipelekwa kupimwa umri, mpe daktari historia yake: alizaliwa mwaka gani, alianza shule lini, ndugu anayemfuata ana miaka mingapi. Mambo haya hutusaidia kuliko magego.

6. Akirudi nyumbani, usimwulize tu alichofanya. Mwulize alichofanyiwa. Asiyelala, asiyekula au anayejitenga apelekwe kwa daktari, naye aliyenajisiwa aletwe hospitalini kabla saa 72 hazijapita, ili apewe dawa za kuzuia virusi vya ukimwi.

Samaki mkunje angali mbichi, walisema wazee. Walikuwa wameona kwamba ubichi huo una wakati wake, na kwamba mkono unaokunja unapaswa kuwa na uangalifu, la sivyo samaki huvunjika. Jioni ya leo, msomaji, kabla hujalala, itafute ile kadi ya kliniki ya mtoto wako. Ukiipata, iweke mahali ambapo hata bibi yake anaweza kuipata.